Betri Nne, Si Nane

Mama Sindano akimwambia mumewe jambo, wa kwanza kuitika ni jirani. Si utani. Ukuta kati ya nyumba zile mbili ulikuwa mwembamba, na masikio ya mumewe yalikuwa yameshaliwa na injini ya dizeli, kwa hiyo hata habari ya chumvi ilibidi ipigiwe ukelele. Mara ya kwanza mume husema, "Eh?" Mara ya pili, "Nini?" Mara ya tatu jirani hujibu kutoka upande wake wa ukuta, "Anasema chumvi imekwisha, shemeji! Njooni mchukue kwangu!"

Mume huyo watu walimwita Nahodha, maana alikuwa na boti ya kuvusha abiria kwenda ng'ambo ya mto na kurudi. Boti si kubwa, na injini ilikaa katikati, yeye anakaa pembeni yake kama mtu anayekaa na mgonjwa. Miaka yote hiyo ikimngurumia sikioni. Abiria walivumilia safari moja. Yeye alivumilia zote.

Siku moja Mama Sindano alirudi kutoka kwenye kibanda chake cha kushonea, sare za shule zimemkalisha tangu asubuhi, mgongo unamwaka moto. Akajitupa kitini akasema, "Leo nimechoka."

Nahodha alikuwa anakula. Hakuinua kichwa.

"Nimechoka," akarudia, kwa sauti zaidi. Wapi! Basi akajaza pumzi kifua kizima. "NIMESEMA NIMECHOKA!"

"Pole, shoga!" jirani akaitika.

Nahodha akaendelea kutafuna. Mama Sindano akacheka mpaka machozi yakamtoka, lakini kile kicheko si cha kukionea wivu. Kazi angeiweza. Kushona aliweza, kufua aliweza, kuamka mapema aliweza. Kilichomkausha ni kupiga kelele ndani ya nyumba yake mwenyewe. Kuna maneno ya mke na mume ambayo ukiyapaza sauti yanaharibika, na yeye hakuwa tayari kumgawia jirani kila kitu. Akayaacha moja baada ya jingine, mpaka nyumbani pakabaki mazungumzo ya chumvi na gesi.

Ndipo akamburura mumewe kwa daktari wa masikio. Nahodha alikwenda amenuna. Akavishwa vile vya kuziba masikio vyenye waya, akaambiwa, ukisikia mlio inua mkono. We! Mkono ulikuwa unapanda na kushuka bila kukosea. Mtu mwenyewe anatabasamu, anamtupia mkewe jicho la "unaona sasa?" Mama Sindano, aliyeketi nyuma, akaona kitu kingine. Mbele ya Nahodha palikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kioo kidole cha daktari kilionekana vizuri kabisa kila kilipobonyeza kitufe.

"Daktari," akasema, "mgeuzie kiti."

Kiti kikageuzwa. Mkono ukabaki gotini, na tabasamu likaisha.

Daktari hakuzunguka. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinaweza kubaki, ila si pamoja na ile injini. Mama Sindano ilibidi ayarudie maneno hayo kwa ukelele pale kwenye korido, na benchi zima la wagonjwa likampa Nahodha pole.

"Niache boti nikafanye nini?" Nahodha akafoka njiani. "Nije nikushikie vifungo?"

"Boti usiache. Iache injini."

Mama Sindano hakutaka makubwa. Alitaka hicho kilichobaki kisiishe, ili siku moja aweze kumwambia mumewe neno kwa sauti ya kawaida na neno lifike. Ndiyo hivyo tu. Akamwita mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi wa majokofu, mtu mwenye mikono ya dhahabu na sauti ya mbu. Tangu utotoni huongea kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Mtaa mzima ulimwita Mnong'ono. Juu ya sauti hiyo alikuwa amefuga masharubu, jamani, masharubu yaliyoshuka mpaka yakafunika mdomo, ukimtazama anakula unajiuliza kijiko kinapita wapi. Sasa chukua mtu huyo, mkalishe meza moja na Nahodha, uwape kazi ya kuifanya boti ya dizeli iende kwa umeme.

Wakakaa sebuleni kuchagua mota. Mama Sindano alikuwa pembeni na cherehani yake, anapinda mapindo na kufanya ukalimani.

"Injini yangu ina nguvu za farasi ishirini," Nahodha akaanza. "Hiyo mota yako ina farasi wangapi?"

Mnong'ono akasema kitu ndani ya masharubu.

"Eh?"

"Nini?" Mama Sindano akamsaidia mumewe, maana hata yeye hakusikia. Mdogo wake akarudia, naye akapaza, "ANASEMA FARASI WA UMEME WANASHIBA ZAIDI! HAWAHITAJIKI WENGI!"

"Farasi gani tena, shoga?" jirani akauliza.

Zilikuwapo mota tatu za kuchagua. Ya kwanza ndogo, ya kufungwa nyuma ya boti kwa skrubu mbili, ya watu wanaokwenda kuvua kwa starehe zao. Ukiipakilia abiria na magunia utafika ng'ambo kesho. Ya pili ilitoka kwenye pikipiki ya umeme iliyogongwa. Nahodha aliipenda hiyo, kwa vile aliambiwa ina mbio. Mnong'ono akatikisa kichwa. Boti haina haja ya mbio, alisema, ina haja ya msukumo. Propela kubwa izunguke taratibu lakini kwa nguvu. Hiyo ya pikipiki ingetaka gia za kuipunguza kasi, na ilitengenezwa kukaa mahali pakavu.

Ya tatu ilitoka kwenye mashine ya zamani ya kunyanyulia mizigo ghalani. Sura haikuwa nayo. Nzito, rangi imebabuka, ukiitazama unaihurumia. Lakini ilikuwa inazunguka polepole bila kubembelezwa, na ingeweza kuungwa na shafti ileile ya boti. Ilitaka volti arobaini na nane. Mama Sindano akaitazama ile mota, akaona imechoka kama yeye na bado inafanya kazi. Akasema, "Hiyo hiyo." Wakaichukua.

Kwenye betri wakavutana zaidi. Nahodha alikuwa ameambiwa gatini kwamba betri za kisasa ni za lithiamu, nyepesi, mtoto anabeba. Kweli, Mnong'ono alisema, lakini zilizo ndani ya uwezo wao zilikuwa zimefumuliwa kwenye magari yaliyopata ajali, hakuna ajuaye zimepitia nini, na betri ya namna hiyo ikikorofika inawaka. Usimlaze mgeni chumbani bila kumuuliza atokako, tena chumba chenyewe kiko juu ya maji. Afadhali betri za asidi. Ni nzito, na zinataka adabu, usizimalize zaidi ya nusu, zitakufa mapema. Lakini mto si mpana, na kwenye kibanda cha tiketi kuna soketi, kwa hiyo zitapata chaji wakati abiria wanasubiriwa. Na uzito wenyewe utakaa chini pale ilipokuwa injini, boti itulie.

Yote hayo Mama Sindano aliyapaza mstari kwa mstari. Alipomaliza, koo lilikuwa linamwasha.

Mnong'ono alikuwa ameshafika mlangoni na mfuko wake wa vifaa, anawahi kazini, alipogeuka kutoa agizo la mwisho. "Chukua betri nne, za volti kumi na mbili kila moja, za aina moja. Ziunge kwa mstari, chanya ya hii kwa hasi ya ile, mpaka mwisho."

Nahodha alikuwa amemkazia macho usoni, amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Sawa, shemeji," akasema. "Nimekupata."

Siku ya betri kuja, Mama Sindano alikuwa kibandani kwake. Akauona mkokoteni ukipita kuelekea gatini, Nahodha akiusindikiza kwa mkono kana kwamba ndani yake kuna bibi harusi. Betri zilikuwa nyeusi, zimepangwa safu mbili. Zilikuwa nane.

Alisikia nne. Ile sauti ya mdogo wake aliilea mwenyewe, aliijua hata ikipita ukutani. Akafungua mdomo amwite mumewe. Kisha akaiona safari nzima iliyokuwa mbele yake. Eh? Nini? Watu wageuke barabarani, mwenye duka la pili amsaidie kupaza, Nahodha akasirike kuulizwa mbele za watu. Na shingo inamuuma, na sare bado rundo. Mdomo ukafunga wenyewe. "Wao ndio mafundi," akajiambia, akainamia sindano.

Nahodha naye hakumsubiri Mnong'ono. Nani angesubiri? Injini ilishatolewa na kuuzwa, boti imekaa gatini tumbo wazi, na mwenzake mwenye boti ya pili kila akipita na abiria anampungia mkono kwa huruma ya kuudhi. Akaziunga betri zote kwa mstari kama alivyoagizwa, chanya ya hii kwa hasi ya ile, mpaka mwisho. Kazi safi kabisa. Akawasha.

Kati ya betri na mota kuna kiboksi, mafundi wanakiita kontrola, ndicho kinachoigawia mota umeme kwa kiasi. Kiboksi kikalia "pa!" Gati zima likaruka. Nahodha peke yake hakuruka. Aliendelea kushika mpini, anasubiri boti iondoke, mpaka moshi ulipompita usoni.

Mama Sindano alifika mbio, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Mnong'ono akafika na ovaroli ya kazini. Akatazama betri, akatazama kiboksi kilichoungua, na kwa mara ya kwanza maishani akapaza sauti.

"Nane za nini, shemeji? Nane za kumi na mbili ni volti tisini na sita! Umekipa mara mbili!"

"Si wewe uliyesema nane?"

"Nilisema nne!"

"Nane!"

"Nne!"

"Nane, mbele ya mke wangu!"

Watu gatini wakaanza kujigawa. Wengine wakasema maneno yenyewe hata kwa mwenye masikio mazima yanachanganya, ni nne na nane, mtu akila herufi kidogo tu umepotea. Mwenye boti ya pili akasema angetumia vidole. Nahodha jasho linamtoka, anageuka huku na huku akitazama nyuso, nyuso zote zinasema kwa pamoja, na hasira ikampanda mpaka ikafungua mlango ambao alikuwa ameufunga miaka.

"Mwambie ndugu yako anyoe hayo masharubu!" akamfokea mkewe. "Mtu atajuaje anasema nini, mdomo wenyewe hauonekani?"

Mama Sindano akasimama palepale.

"Masharubu yanahusiana nini na masikio?" akauliza, na kabla hajamaliza kuuliza akawa amejua. Kile kioo cha daktari. Yale macho aliyokaziwa mdogo wake mlangoni. Na nyumbani, kwa nini akiwa amegeukia jiko huulizwa "eh?" hata akipiga kelele, na akiwa ameelekea mezani hujibiwa. Akavuta upande wa mtandio wake akaufunika mdomo, akamsogelea mumewe mpaka wakakaribia kugusana, akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto, "Nahodha, unanisikia?"

Nahodha akautazama mtandio.

"Sawa," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mama Sindano akaushusha mtandio taratibu. Sawa ngapi alikuwa amepewa katika nyumba ile? Sawa ya kodi, sawa ya msiba wa mama yake, sawa ya ile siku alipomwambia gizani kwamba anaogopa. Alikuwa na hasira ya kumtia mtu makofi, tena mbele za watu, na palepale ndani ya hasira akakumbuka mkokoteni. Akaketi juu ya betri mojawapo.

"Niliziona," akawaambia wote wawili. "Niliziona zinapita, nikajua zimezidi, nikanyamaza. Nilichoka kupiga kelele."

Alikuwa ameinua uso aliposema hivyo. Nahodha aliyapata yote, neno kwa neno. Akavua kofia, akaishika mikononi, hakujua aiweke wapi.

Betri nne zikarudi dukani, mwenye duka akazipokea kwa kugunaguna kama mtu anayerudishiwa paka. Kontrola nyingine ikapatikana kwenye mashine ya ghalani ya aina ileile. Na siku ya kuunga upya, Mnong'ono akatokea gatini hana masharubu. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe kuliko uso, umevimba kidogo kwa wembe, akionekana kama mtoto aliyeiba sukari. Dada yake alicheka mpaka akashika mbavu, akaona aibu, akacheka tena.

Nahodha akainama kumtazama vizuri.

"Kumbe una mdomo, shemeji," akasema. "Haya niambie. Betri ngapi?"

Mnong'ono akaufungua huo mdomo wote. "N-ne," akasema, na vidole vinne juu.

Safari ya kwanza walikwenda mke na mume tu, bila abiria. Mnong'ono alifungua kamba akabaki gatini ameshika kiuno. Mama Sindano alikaa mbele kabisa, uso kwenye maji. Boti ikajivuta, ikaondoka. Hakusikia mota. Alisikia maji yakikwaruza ubao, akasikia watu wa ng'ambo wakibishana juu ya kuku, akasikia mpaka bisibisi ya mwenye boti ya pili ikianguka gatini nyuma yao. Miaka yote amevuka mto huu na hajawahi kuusikia. Akawaza, sasa. Sasa tutasemezana.

"Mbona haijazimwa?" Nahodha akauliza nyuma yake.

Akageuka. Mumewe alikuwa ameshika mpini kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameulaza juu ya ubao, kiganja chini, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Haitetemeki," akasema, akitazama pale katikati, palipokuwa na betri nne zimefungwa mkanda. "Ubao hautetemeki. Lakini bado inanguruma. Wewe huisikii?"

Mama Sindano akatikisa kichwa. Ile injini ilikuwa shambani kwa mtu, mbali, inavuta maji. Ilipakiwa kwenye lori mbele ya macho yao. Nahodha akautazama uso wa mkewe, akautazama tena ubao, na polepole akaelewa mahali injini ilipobaki. Akajigusa sikio.

"Basi hii haizimwi," akasema.

Mama Sindano akatoka mbele, akashika kingo za boti, akaja akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, kidogo upande ili asimzibe njia. Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya siku hii, ya kumwambia kwa sauti ndogo, na sasa hata moja hakulikumbuka. Lililokuja ni lilelile la siku zote. Hakulipaza.

"Nimechoka," akasema.

Nahodha akautazama mdomo wake. Ikachukua muda kidogo.

"Pole," akasema. "Pole sana, mke wangu."

Kwa mazoea tu Mama Sindano akasubiri jirani aitike. Hapakuwa na ukuta.

"Tangu lini?" Nahodha akauliza, na Mama Sindano akaanza kumwambia.